Mbaya Wapi, Nzuri kwa Nini?

Katika mji wetu wa Tabora, na hasa huku Ipuli ninakoishi, hakuna kitu kinachopatikana kwa urahisi kama maoni. Maji yana bili na mkaa una bei, lakini maoni juu ya wimbo, filamu au kichekesho hutolewa bure barazani, kwa kinyozi na ndani ya daladala. Wazee husema muziki wa vijana ni kelele. Vijana husema muziki wa wazee unaleta usingizi. Wote wawili hupatana juu ya jambo moja tu, kwamba filamu za hapa nyumbani hazifai. Wakishasema hivyo huendelea na safari zao, kana kwamba Mahakama ya Rufani imekwisha kukaa na kuamua.

Ndugu msomaji, mimi nagombana na hukumu za namna hiyo. Sigombani na ladha ya mtu. Ulimi ni wake, na akipenda mlenda kuliko nyama, hiyo ni shauri yake. Ninachokataa ni hukumu isiyo na sababu. Chuoni tuliwafundisha walimu watarajiwa kwamba ni mwiko kuandika "mbaya" pembeni mwa insha ya mtoto na kufunga daftari. Onyesha sentensi iliyopinda. Onyesha mahali wazo lilipokatika. Hata "vizuri sana" tupu haimsaidii mtoto, maana hajui kesho arudie lipi. Haki hiyo tunampa mtoto wa darasa la nne. Kwa nini tumnyime mwanamuziki?

Nianze na wazee wenzangu. Twapenda kusema kwamba zamani kulikuwa na muziki na siku hizi hakuna. Haya. Tabora hii ilikuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Ilikuwa na Nyanyembe Jazz, ilikuwa na Kiko Kids. Bendi hizo ziliutangaza mji wetu redioni, nami nikizisikia bado mguu hautulii. Lakini je, tumesahau wazazi wetu walivyolisema dansi? Waliliita uhuni, na kijana aliyeshika gitaa alihesabiwa kuwa amekwisha kupotea. Leo neno lile lile tunawarushia wajukuu.

Isitoshe, hoja yetu ina tundu. Nyimbo za miaka ya 1960 na 1970 tunazozisikia leo ni zile zilizopita katika chujio la nusu karne. Zilizokuwa hovyo zimekwisha kusahauliwa. Watu wa Tabora tunaijua asali. Anayelinganisha asali iliyochujwa na masega yaliyoteremshwa mtini asubuhi hii, yenye nta na nyuki wafu, hajafanya ulinganisho wa haki. Lugha yetu ina adabu kuliko sisi. Nyimbo hizo inaziita "zilipendwa". Haisemi kwamba hazitapendwa nyingine.

Husemwa pia kwamba bongo fleva haina maneno. Ziko nyimbo nyingi zisizo na maneno, nakubali: mistari mitatu inarudiwa mpaka betri ya redio iishe. Lakini mwaka 2001 Professor Jay alitoa "Ndio Mzee", akamvaa mwanasiasa anayeahidi kila kitu mbele ya watu wanaoitikia kila kitu. Somo hilo la uraia ningelipeleka darasani bila wasiwasi. Mwaka 2015 mtunzi huyo mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, na wapiga kura wakawa na mizani aliyowatengenezea yeye. Anayesema hakuna maneno, na aseme ni wimbo gani alioupima.

Sasa niwageukie vijana. Silaha yenu ni neno moja, "kuiga". Filamu za Bongo, mwasema, zinawaiga Wanaijeria. Na nani hakuiga? Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, na Kuba iko ng'ambo ya bahari. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walibeba pembe hadi Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na maneno mapya. Miembe inayotupa kivuli hapa mjini ilifuata njia hiyo hiyo kutoka pwani, wala hakuna anayeitema embe kwa kuwa ni ya kuigwa. Kuiga si kosa. Kosa ni kuiga bila kutia chumvi yako. Tabora Jazz walipokea rumba iliyotoka Kongo, wakatoa Segere Matata. Swali la haki basi ni hili: ameongeza nini?

Kwa swali hilo naweza kuzikosoa filamu zetu bila kuzitukana. Nyingi za zama za diski zilivutwa ziwe sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mara mbili, na kilio kimoja kikachukua nafasi ya mazungumzo kumi. Hizo ni kasoro, nimezionyesha. Lakini Steven Kanumba, mzaliwa wa jirani zetu Shinyanga, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, alisindikizwa na umati ambao haukutoka hewani. Waliosema hawazitazami walikuwa wakizitazama.

Na mzee asiniambie kwamba uigizaji ni kazi ya waliokosa kazi. Rashidi Kawawa, aliyesoma hapa Tabora, aliigiza katika filamu ya "Muhogo Mchungu" mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu.

Vichekesho navyo vina kipimo, tena kipimo chetu wenyewe. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na njia ya misafara imechangia kuukuza utani huo. Mtani hukusema hata msibani, lakini wewe nawe una haki ya kumjibu, na kesho ni zamu yake. Marehemu King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, alijifanya yeye mwenyewe kichekesho kabla ya kumcheka mtu. Anayemcheka kilema, au mshamba kwa lafudhi yake, anamcheka mtu asiye na kipaza sauti cha kujibu. Hapo sisemi tu kwamba sikucheka. Nasema ni kibaya, na sababu nimeitoa.

Kuna atakayeuliza, yote haya ya nini, si burudani tu? Katikati ya miaka ya 1980 mwanachuo wetu mmoja aliandika mchezo wa kuchekesha juu ya mwalimu na mshahara uliochelewa. Mgeni wa heshima aliutazama, akasema "upuuzi", akapanda gari lake. Kijana alinijia jioni akaniuliza, "Upuuzi wapi, mwalimu?" Niliusoma wote, nikamwonyesha kurasa mbili zenye udhaifu na nyingine nyingi zenye nguvu. Akashukuru kwa adabu. Mchezo mwingine hakuandika. Neno moja la aliyekuwa na haraka lilikuwa limemfika kabla ya maelezo yangu.

Kwa hiyo ukisema mbaya, sema wapi. Ukisema nzuri, sema kwa nini. Na kama huna sababu, sema "sikuipenda". Hilo ni lako, wala hatugombani. Lakini "haifai" ni hukumu, na hukumu isiyo na ushahidi haipokelewi hata katika mahakama ya mwanzo.