Usukani Mgumu Si Heshima

Kuna maneno nimeyachoka. Huyasikia kila mahali palipo na Land Rover ya zamani na vijana watatu wenye simu: "Hiyo ukiifunga pawa stelingi umeiharibu. Haitakuwa Land Rover tena." Msemaji hutikisa kichwa kwa huzuni kama aliyepewa taarifa ya msiba. Kisha hupiga picha, huingia kwenye gari lake dogo la Kijapani, hugeuza usukani kwa kidole kimoja, na huondoka.

Hicho kidole kimoja ndicho ninachotaka tukizungumze.

Mimi ni mtu wa Turiani, chini ya milima ya Nguru, ambako miwa ya Mtibwa na mpunga wa Mkindo ndiyo kalenda yetu. Huku Land Rover 109 haikuja kuwa pambo. Imebeba ndizi na iliki kutoka vijiji vya juu, imebeba wagonjwa, maiti na mabibi harusi, wakati mwingine ndani ya wiki moja. Siku hizi kutoka Magole hadi Turiani mjini kuna lami, nasi tunashukuru. Lakini lami haipandi Maskati. Ukiiacha lami wakati wa masika, unaingia kwenye udongo unaoteleza kama bamia na kona zinazojikunja mlimani, na hapo dereva anaanza kazi ambayo abiria wake haioni.

Kazi yenyewe ni hii. Namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, karibu sentimita 277. Ni gari refu, lenye injini nzito mbele, juu ya matairi mapana. Usukani wake ni mkubwa kama sinia la pilau, na haukufanywa mkubwa kwa urembo: ukubwa ule ndio msaada pekee ambao dereva alipewa. Nguvu ya bega inapita kwenye boksi ya stelingi, inakwenda kwenye rilei iliyofichwa ndani ya chesisi mbele, inaingia kwenye fimbo na tairodi, ndipo tairi linageuka. Gari likiwa mwendoni, sawa. Likiwa limesimama, limejaa magunia, na nyuma yako kuna korongo, ni kuvuta jahazi peke yako. Na tairi likigonga jiwe, usukani unarudi kwa kishindo. Ndiyo maana madereva wa zamani hufundisha kuweka vidole gumba nje ya duara. Aliyevisahau ndani amewahi kuvuliza.

Sasa huyu anayesema usukani ule mgumu ndio "roho ya gari", roho ya nani? Wahenga walimaliza: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tuanze na historia, kwa sababu wapenda asili husema kana kwamba pawa stelingi ni anasa iliyobuniwa jana kwa ajili ya wavivu wa mjini. Mhandisi Mmarekani Francis W. Davis, aliyefanya kazi upande wa malori katika kampuni ya Pierce-Arrow, ndiye aliyeuona mateso ya madereva wa magari mazito. Alijiuzulu, akatengeneza mfumo wake wa kutumia oili yenye shinikizo, na kufikia 1926 alikuwa na gari la kuonyesha kwamba unafanya kazi. Wazo lilizaliwa kwenye uchovu wa dereva wa lori. Likangoja hadi 1951 ndipo likauzwa kwenye gari la abiria, tena gari la matajiri, Chrysler Imperial. Mfanyakazi ndiye aliyeugua, tajiri ndiye aliyepewa dawa kwanza.

Na nyumbani kwa Land Rover kwenyewe? Range Rover ilitoka 1970, na mwaka 1973 mnunuzi akaweza kuichukua ikiwa na pawa stelingi. Series III, gari la shamba, la misheni na la serikali, iliendelea kutengenezwa hadi 1985 na usukani wake ukabaki wa mabega. Ujuzi ulikuwepo, kampuni ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni anayekaa kwenye kiti. Kwa hiyo unapotetea "uasili" wa usukani ule, ujue unatetea hesabu ya mhasibu wa zamani aliyeona bega la mkulima ni rahisi kuliko pampu.

Mjomba wangu aliendesha 109 kwa miaka mingi kati ya Turiani na vijiji vya mlimani. Kwetu Waluguru mjomba hasimuliwi ovyo, kwa hiyo nitasema machache. Bega lake la kulia lilianza kukataa kabla ya macho yake. Akafika mahali pa kupanga safari kwa kukwepa kugeuza: anasimama pale tu ambapo ataondoka bila kurudi nyuma, anawashusha watu mbali na milango yao, na shikamoo zao anazijibu akiwa ameushika mkono wake. Gari lilikuwa zima. Aliyechakaa ni dereva, na dereva hana spea.

Binti yake, yaani binamu yangu, ana leseni na analijua gari hilo kuliko mimi. Akiomba funguo aliambiwa, "Hili gari la kiume, mwanangu." Haikuwa dharau, baba yake aliogopa kweli, na hofu yake ilikuwa na sababu. Lakini tazama kilichofuata. Ilipofungwa boksi yenye pawa, binti huyo akashusha mzigo wa iliki kutoka mlimani huku mzee amekaa upande wa abiria, anahesabu kona. Gari la kiume likabadili jinsia kwa pampu moja na mipira miwili ya oili. Hilo ndilo ninaloliona kubwa kuliko starehe. Usukani mgumu huchagua nani atapata riziki kwenye gari la familia: unamkataa mzee, unamkataa mwanamke mwenye mikono myembamba, unamkataa aliyewahi kuvunjika mkono. Kisha sisi tunauita heshima.

Kuhusu uasili, niseme waziwazi: sichukii magari yaliyotunzwa kama yalivyotoka kiwandani. Oktoba 2024, Land Rover zilipojaa Arusha kwa tamasha lao, nami nilizitazama picha kwa furaha. Anayetaka kuhifadhi moja gereji, aitoe Jumapili, aifute vumbi kwa kitambaa laini, ni haki yake. Ila Land Rover za kazi nyingi nilizoziona Morogoro zilishabadilishwa injini zamani, zikapewa za Kijapani za dizeli. Zimebadilishwa viti, taa, bodi, hata gia boksi, na hakuna aliyelia. Moyo umetolewa, mkakaa kimya. Leo bega linapumzishwa, ndipo mnakumbuka asili?

Tena injini hizo za Kijapani nyingi zilikuja na mahali pa kufunga pampu ya stelingi, na mkanda wa kuizungusha. Nusu ya kazi imekaa pale inangoja. Boksi yenyewe hutolewa kwenye One Ten, Discovery au Range Rover iliyokufa. Ndani yake mna kipande cha chuma chembamba kinachojipinda kidogo unapogeuza usukani; kule kujipinda kunafungua njia ya oili, na shinikizo linasukuma pistoni upande unaotaka wewe. Huo ndio uchawi wote.

Hoja moja ya wapinzani naiheshimu, nayo ni ya mafundi, si ya wapiga picha: "Ikifia porini je?" Jibu la kweli lina pande mbili. Upande wa kwanza, boksi hiyo haikuachi bila usukani. Mkanda ukikatika au oili ikivuja, chuma bado kimeungana na chuma, na gari litageuka. Upande wa pili, litageuka kwa shida, pengine kuliko usukani wa zamani, kwa kuwa boksi hiyo ilipangwa isaidiwe. Kwa hiyo beba mkanda wa akiba na chupa ya oili yake. Wala usiongeze oili ya breki kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, maana italainisha sili na kuzimaliza. Dereva wa 109 aliyezoea kubeba spana, jembe na maji hashindwi kubeba mkanda.

Wapo pia wanaotaka njia ya umeme: mota ndogo iliyoshikana na mhimili wa usukani, kama zilizomo kwenye Vitz na Passo zinazouzwa vipande vipande kwenye maduka ya spea. Inawezekana, na haihitaji pampu wala mipira. Lakini mota hiyo inakula umeme mwingi kwa mkupuo. Gari linalochaji kwa dinamo halitaiweza. Lazima altaneta nzuri, waya mnene na fyuzi yake. Na Land Rover za mwanzo zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Asiyejua hilo ataunguza kifaa kabla hajakigeuza mara moja.

Sasa nigeukie kambi yangu, maana wapo waungaji mkono wanaoniaibisha. Ni wale wanaofunga pawa juu ya ugonjwa. Usukani mzito si kila mara kilio cha kuomba pampu. Mara nyingi rilei imekauka oili na kushika kutu, kingipini zimekaza, boljointi zimekwisha, au matairi hayana upepo wa kutosha. Fundi mwenye haraka anaruka yote hayo, anafunga pampu, usukani unakuwa laini kama maandazi, na mwenye gari anamwaga sifa. Ndani, tairodi iliyolegea bado imelegea. Tofauti ni kwamba zamani mkono ulihisi, sasa pawa imeuziba mkono masikio.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na usikubali mwingine. Inua ekseli ya mbele, tikisa kila tairi kwa mikono miwili, juu na chini, kushoto na kulia. Kinachocheza kitengenezwe kwanza. Rilei ifunguliwe. Chesisi igongwe kwa nyundo mahali boksi itakapokaa, kwa sababu boksi yenye pawa inasukuma chesisi kwa nguvu ambayo bega la mtu halijawahi kuwa nayo. Bati lililochomelewa juu ya kutu litapasuka, na litapasuka kwenye kona. Fimbo za stelingi zisikatwe na kuungwa kwa kuchomelea. Breki zikaguliwe siku hiyohiyo, kwani dereva aliyepunguziwa uzito atakimbia zaidi, apende asipende. Halafu, na halafu tu, pampu.

Ukiniambia hizo ni gharama, nakubali. Boksi, pampu, mipira, fundi wa kuchomelea anayejua kazi, vyote vinataka pesa, na Turiani pesa hufuata msimu wa mavuno. Lakini bei tunayoikwepa tunailipa mahali pengine: kwenye bega la mzee, kwenye safari isiyofanyika kwa sababu dereva mmoja tu ndiye anayeweza kona ile, kwenye mgonjwa anayengoja mwanaume arudi kutoka shamba ndipo gari litoke. Gharama hizo hazina risiti, ndiyo maana tunadhani hazipo.

Tumejifunza kupenda vitu vya zamani, na ni jambo jema. Kizazi kilichozoea kutupa kimeanza kutengeneza. Ila kutengeneza ni kazi ya kumtumikia aliye hai. Gari lililobeba watu kwa miaka 50 halidaiwi ushahidi wa uasili wake. Anayedaiwa ni sisi, tulipunguzie uzito aliyekaa kwenye kiti chake.

Siku nyingine ukiikuta Land Rover ya kazi inafungwa pawa stelingi chini ya mwembe, acha kwanza kumuuliza fundi kama gari bado ni asili. Muulize kama rilei imefunguliwa na kama chesisi imegongwa. Kisha muulize dereva bega lake linaendeleaje.