Maana na Asili katika Majina ya Ukoo ya Kituruki

Wachunguzi wa majina aghalabu hudhani kwamba maana ya jina ikishajulikana, asili yake nayo imejulikana. Majina ya ukoo ya Kituruki yanaipinga dhana hiyo. Kimofolojia hayana ugumu: Demirci ni mfua chuma, yaani demir 'chuma' na kiambishi tamati -ci cha mtenda kazi, Yılmaz ni asiyetishika, Öztürk ni Mturuki halisi.

Hata hivyo, familia nyingi hazikuyarithi majina hayo. Ziliyachagua, au zilipewa na maofisa, kutokana na Sheria Na. 2525 ya Juni 1934, iliyomtaka kila raia awe na jina la ukoo. Sheria ilikataza majina ya vyeo, ya makabila na ya mataifa ya kigeni. Kanuni zilizotolewa mwaka huohuo zilipiga marufuku viambishi -yan cha Kiarmenia, -pulos cha Kigiriki na -zade chenye asili ya Kiajemi, ilhali -oğlu cha Kituruki kiliruhusiwa. Vyote vinne huonyesha uzawa. Basi kilichokatazwa hakikuwa maana, bali lugha iliyoibeba.

Kwa hiyo, jina Öztürk si ushahidi kwamba mababu wa mwenye jina walikuwa Waturuki. Huenda ni ushahidi wa yale ambayo dola ilitaka yaaminiwe. Kwa maoni yetu, uchanganuzi unaokomea kwenye mofimu, bila kuitazama sheria, huikamilisha kazi ya dola hiyo badala ya kuichunguza.