.io au .ke?

Juzi nilibaki kidogo tu nilipie jina la tovuti yangu lenye .io. Waandishi wengi wa programu wanaipenda, maana ni fupi na inapendeza. Nikasita.

Herufi mbili za mwisho huwa za nchi au eneo fulani. .io ni ya Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos, ambavyo wenyeji wake walifukuzwa kati ya 1968 na 1973. Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuvikabidhi kwa Mauritius. Eneo likifutwa, herufi zake nazo huenda zikafutwa. Si hadithi: Yugoslavia ilisambaratika, na mwaka 2010 .yu ikazimwa. Waliokuwa nayo walilazimika kuhama, tovuti na barua pepe.

Sisemi .io itakufa kesho. Lakini wateja wangu wananipata kwa anwani moja tu, na wakiipoteza, wamenipoteza. Nimechukua .ke, ambayo tangu 2017 unaisajili bila .co katikati. Haina madoido, lakini ni ya kwetu. Wewe je, ungechagua ipi?