Shuaiba, pwani "tupu" inayoninywesha maji

Leo namjibu ndugu yangu mmoja wa Riyadh. Alikuja kunitembelea hapa Jeddah, tukashika barabara ya pwani kuelekea kusini, kama kilomita 100, hadi Shuaiba. Akatazama mchanga, chumvi iliyoganda chini na familia chache zinazochoma nyama ufukweni, akasema, "Sasa huku kuna nini?"

Kaka, kuna maji! Saudia haina hata mto mmoja wa kudumu. Pale Shuaiba ipo mitambo mikubwa ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, na maji hayo yanasukumwa kwa mabomba hadi Jeddah, Makka, mpaka Taif kule milimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Na wewe wa Riyadh usicheke. Yako yanatoka pwani ya Ghuba, Jubail huko, safari ya zaidi ya kilomita 400.

Halafu Shuaiba ndiyo iliyokuwa bandari ya Makka, hadi Khalifa Othman alipoihamishia Jeddah mwaka 26 Hijria (kama 647). Wanahistoria wa Kiislamu wanaeleza kuwa Waislamu wa kwanza waliokimbilia Uhabeshi, kama 615, walipandia chombo hapo. Yaani walikuja upande wetu! Hata mikoko ipo, kwenye hori lake lenye mlango mwembamba. Mtu wa Rufiji asingejiona mgeni sana... ila kwa joto lile, mmh.

Kinachoniudhi ni hilo neno "tupu". Mahali pakishaitwa patupu, hakuna anayeuliza kinachomwagwa pale. Mitambo ikitoa maji matamu, yale yaliyobaki, yenye chumvi kali, yanarudishwa baharini. Mji unakunywa, samaki na matumbawe wanapokea chumvi. Sisemi mitambo ifungwe, mimi nitakunywa nini? Nasema bahari ile ihesabiwe kwenye gharama, na wavuvi wake waulizwe kabla mtambo mwingine haujajengwa.

Sasa sikieni. Ndugu yangu huyo ana shamba la minazi la urithi Kilwa, ufukweni kabisa, na anataka kuliuza kwa bei ya kutupa. Kisa? "Hakuna kitu kule." Nimemwomba asubiri likizo twende tukalione pamoja. Mpaka leo simu zangu hapokei.