Tajiri Amenunua Malka, Nasi Twampigia Makofi

Majuzi kwenye semina ya vijana hapa Minjila, mkufunzi aliyeletwa kutoka Nairobi alishika kipaza sauti akatutangazia kwamba enzi za watu wa Tana River kukosa sauti zimekwisha. Mtoto wa mfugaji mwenye simu ya shilingi elfu nane, alisema, siku hizi anasikika sawa na waziri, na tumshukuru Elon Musk aliyeinunua Twitter na kuufungua mdomo wa dunia. Vijana wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma, chini ya feni isiyozunguka, na makofi yale yaliniudhi kuliko joto.

Yangekuwa maneno ya mtu mmoja ningeyapuuza. Lakini hii imeshakuwa dini. Naisikia kwa kinyozi pale stejini Garsen, naisikia barazani baada ya Isha, na mhubiri mmoja wa upande wa Ngao ameshaitia kwenye mahubiri: mtandao ni uwanja wa wote, mwenye uwanja ni mkarimu, na sisi wa pembezoni ndio tuliofaidi zaidi. Uongo mtupu, tena uongo wa kivivu.

Sisi watu wa delta hatuhitaji mgeni atufundishe maana ya mtu kumiliki njia ya wenzake. Tuna malka. Kwa msomaji wa mbali, malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni. Inapita katikati ya mashamba ya Wapokomo ili ng'ombe wa Waorma na Wawardei wapate maji kiangazi kikikaza. Malka ikizibwa watu huzikwa. Tumezika wetu, hatusimuliwi. Sasa mfikirie tajiri anayenunua malka zote kuanzia Bura hadi Kipini, anajenga lango kila penye njia, kisha anapanda jukwaani kusema, piteni nyote, sitamzuia mtu. Je, malka hiyo ni yenu? Lango li wazi leo kwa sababu ameamka vizuri. Ufunguo uko mfukoni mwake, na kila ng'ombe anayepita anahesabiwa, anapigwa chapa, na hesabu inauzwa kwa wanaotaka kujua mfugo wako unakunywa wapi na saa ngapi.

Huo ndio ukombozi wenyewe, na sina hoja nyingine kubwa kuliko hiyo. Nitaipiga nyundo mpaka iingie.

Tumtazame basi mkombozi. Musk aliinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44. Novemba alijigamba kwamba anaupenda uhuru wa kusema kiasi kwamba hataifunga hata akaunti ya kijana mmoja aliyekuwa akitangaza ndege binafsi ya Musk inaruka wapi. Katikati ya Desemba akaifunga. Siku iliyofuata akawafungia nje waandishi wa habari kadhaa, wakiwemo wa New York Times, CNN na Washington Post, waliokuwa wameliandika jambo hilo. Februari 2023, usiku wa fainali ya kandanda ya Kimarekani, chapisho la Rais Biden likatazamwa na watu wengi kuliko la mwenye mali. Ikaripotiwa kwamba wahandisi waliitwa usiku huo huo kurekebisha mitambo ili maneno ya bwana mkubwa yasukumwe mbele ya macho ya kila mtu, upende usipende. Nionyesheni mtoto wa mfugaji wa Garsen ambaye wahandisi wanatolewa kitandani kwa ajili yake. Mei 2023, mkesha wa uchaguzi wa Uturuki, kampuni hiyo hiyo ikazuia baadhi ya machapisho yasionekane ndani ya Uturuki. Na ofisi yake ya Afrika pale Accra? Wafanyakazi walifutwa kazi siku chache tu baada ya kuhamia jengoni.

Mwenzake, Mark Zuckerberg mwenye Facebook, ni hatari zaidi kwetu, maana huku Tana hatuishi kwenye X, kama Twitter inavyoitwa sasa. Tunaishi kwenye WhatsApp na Facebook. Instagram aliinunua 2012, WhatsApp akainunua 2014 kwa dola bilioni 19, na hisa zake zimepangwa hivi kwamba ana kura nyingi kuliko wenye hisa wengine wote wakijumlishwa. Hakuna mkutano wa wanahisa unaoweza kumtoa. Rais wa nchi hii tunampa miaka mitano kisha tunamrudisha kwenye debe. Huyu hana debe. Oktoba 4, 2021 mitambo yake ilipokufa kwa takriban saa sita, madalali wa mbuzi soko la Garsen walibaki wakizitazama simu zao kama watu waliofiwa, kwa sababu mnunuzi yuko Mombasa, picha za mbuzi ziko WhatsApp, na WhatsApp iko California.

Nikisema hivi kuna wanaonijibu, "Lakini mzee, si ni bure?"

Bure! Jibu hili ndilo linalonichosha kupita yote. Muulize kijana wa bodaboda anayenunua bando la shilingi ishirini asubuhi, likamezwa kabla ya adhuhuri na video zinazojifungua zenyewe, kama ni bure. Mwaka 2014 Facebook ilituletea Kenya, kupitia Airtel, huduma iliyokuja kuitwa Free Basics: ingia bila bando, lakini katika zile kurasa ulizochaguliwa tu. India mdhibiti wao alikataa bei za namna hiyo mwaka 2016, akasema intaneti haiuzwi kwa vipande vya kupendelewa. Sisi tulisema asante. Mtu wa kwetu akipewa kitu bure na tajiri huwa hata hataki kujua tajiri anapata nini.

 

Kinachoniuma zaidi ni jinsi wakubwa wetu wenyewe walivyohamishia shughuli za umma kwenye boma la mtu binafsi. Ofisi moja, sitaitaja, ilibandika majina ya watoto waliopata basari kwenye ukurasa wake wa Facebook, basi. Hakuna karatasi mlangoni, hakuna tangazo msikitini wala kanisani. Mama mmoja wa Tarasaa ninayemfahamu, simu yake ni ile mulika mwizi ya vitufe. Aliambiwa habari na jirani muda wa kurudisha fomu ukiwa umepita. Alipokwenda kulalamika, karani alimwonyesha kioo cha simu: "Si tulitangaza, mama?" Walitangaza wapi? Kwa mtu ambaye ili usome tangazo la serikali yako lazima kwanza umpe jina, namba na picha yako. Mabwawa ya Seven Forks yalipofurika Aprili 2024 na maji kuteremka kwetu, ujumbe wa tahadhari tuliokuwa tukisukumiana ulikuwa picha za skrini kutoka mitandao hiyo hiyo. Mzee asiye na simu ya kioo alijua mafuriko yamefika yalipomfika magotini.

Sasa twende pale panapouma. Agosti 22, 2012, kijiji cha Riketa, watu 52 waliuawa asubuhi moja, wengi wao wanawake na watoto. Kufikia Januari 2013 waliokufa katika mapigano ya delta walikuwa wamepita mia moja. Sitaandika hapa nani alianza, na anayetaka kuniingiza huko ajue nimekataa. Nakumbusha tu kwamba kati ya shambulio moja na jingine kulikuwa na maneno. Wanakuja usiku huu. Wamevuka mto. Wamepata bunduki. Maneno hayo yalisafiri kwa mdomo na kwa simu za kawaida, na hata kwa mwendo huo wa kobe yalitosha kumtoa mtu kitandani na panga.

Baadaye likaja jambo ambalo semina nzima haikulitaja. Shirika la Canada liitwalo Sentinel Project lilianzisha Tana Delta huduma ya Una Hakika. Ukisikia uvumi, unatuma ujumbe mfupi kwa simu yoyote ile. Watu wa kujitolea vijijini wanauliza, wanapiga simu, wanakwenda kuona, kisha jibu linarudi: ni kweli, si kweli, au bado tunachunguza. Haikuwa na laiki wala wafuasi, na hakuna tajiri aliyepata shilingi mtu akipandwa na hasira. Kazi yake ilikuwa kuchelewesha neno mpaka lijulikane lilikotoka, na aliyelichunguza alikuwa mtu anayejua Chamwanamuma iko wapi na Kipao iko wapi.

Boma la tajiri kazi yake ni kinyume cha hiyo. Neno linalokasirisha ndilo linalokaliwa muda mrefu, na muda wa macho ndio bidhaa. Eti watu wananiambia uvumi ulikuwapo kabla ya Facebook. Ndiyo, na moto ulikuwapo kabla ya petroli.

Nani basi huko kwa tajiri anayechunguza neno letu? Bonyeza pale pa kuripoti, ueleze kwamba mtu ameandika kwa Kiorma maneno ya kumwaga damu, halafu ukae usubiri. Kwa miaka kadhaa kazi ya kusafisha uchafu wa Facebook kwa upande huu wa Afrika ilifanywa Nairobi, na kampuni iitwayo Sama, kwa vijana waliokaa mchana na usiku wakitazama watu wakichinjwa ili wewe usitazame. Walikuwapo waliosoma Kioromo, ndugu wa damu wa Kiorma chetu. Wengine walilipwa kiasi cha dola moja na nusu kwa saa. Daniel Motaung alipojaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki alifukuzwa, akashtaki mwaka 2022. Mwaka uliofuata Sama ikaiacha kazi hiyo, na wasafishaji zaidi ya 180 wakaenda mahakamani. Januari 2025, siku chache kabla ya Trump kuapishwa, Zuckerberg akatangaza kuwaondoa wahakiki wa ukweli kule Marekani. Kwa jina la uhuru wa kusema, bila shaka. Kisha akaenda kukaa viti vya mbele kwenye sherehe, karibu na Musk, wote wamevaa tai.

Kuna pia wajanja wanaosema: afadhali tajiri wa Marekani kuliko serikali, maana tajiri hana polisi. Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay Juni 2025 kwa sababu ya chapisho la X kuhusu mkubwa wa polisi, akafia mikononi mwa polisi kituo cha Central, Nairobi. Uhuru wa kusema wa dola bilioni 44 ulimkinga vipi? Wale vijana wa maandamano ya Juni 2024 waliosimama mbele ya maji ya kuwasha walikuwa na miguu yao na roho zao. Tajiri alikuwa na matangazo ya biashara kando ya picha zao. Tanzania imeufunga X tangu Mei 2025, Uganda iliifunga Facebook Januari 2021 na mpaka leo watu wanapenya kwa VPN. Mwenye lango akigombana na chifu, wote wawili wana maji nyumbani.

Sasa Musk amekuja na jipya, na hili nalitaja kwa ufupi kwa sababu likinipanda kichwani sitalala. Starlink, intaneti yake ya setilaiti, iliingia Kenya Julai 2023, na ukitoka lami ya Garsen kuelekea ndani, ambako mtandao wa simu huja na kuondoka kama upepo wa kusi, watu wanaisifu sana. Wasifu, ni mtambo mzuri. Lakini mwenye Starlink ndiye mwenye X. Lango lake, na njia ya kufika langoni pia yake. Mkufunzi aliliita hili maendeleo maradufu.

Kama kuna mtu wa kushukuriwa ni Abrham Meareg. Baba yake, profesa wa kemia, aliuawa Bahir Dar, Ethiopia, Novemba 2021, baada ya picha yake na maneno ya kumchongea kusambazwa Facebook. Mwana alikuwa ameripoti machapisho hayo. Desemba 2022 aliishtaki Meta, kampuni ya Zuckerberg, si Marekani, bali Nairobi. Kampuni ikadai mahakama zetu hazina uwezo juu yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema inao. Hiyo ni mara ya kwanza nimesikia mtu akigonga lango lile na mwenye nyumba akalazimika kuitika.

Uchaguzi wa Agosti 2027 si mbali. Wagombea watashuka Garsen na fulana na unga, na nyuma ya fulana kutakuwa na vijana wa kulipia matangazo ya Facebook kwa dola, yaliyolengwa kwa kijiji na kwa kabila, ya kumwambia Mpokomo jambo moja na Muorma jingine, bila jina la aliyeandika. Kila mgombea atakayeomba kura yangu nitamuuliza kwanza: tangazo hilo likitoka usiku wa kuamkia kura, likisema wamevuka mto, ni nani kule Menlo Park kwa Zuckerberg anayesoma Kipokomo, na namba yake ya simu ni ipi?