TAMBI ZA KIITALIA: TUCHUKUE MAHARAGE, TUACHE MVINYO



Siku hizi familia nyingi za Kiislamu zinapenda mapishi ya Kiitalia. Kuyapenda si kosa. Kosa ni kuchukua jibini tele na nyama tele, tukaacha kile ambacho wazee wa Kiitalia wenyewe walikila kila siku.

Tambi si ngeni kwa Waislamu. Kisiwa cha Sicily kilitawaliwa na Waislamu tangu karne ya 9 hadi ya 11. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kuwa huko Trabia, karibu na Palermo, zilitengenezwa tambi nyingi zilizosafirishwa hadi nchi za Waislamu na za Wakristo.

Mkulima wa kusini mwa Italia alikula maharage, dengu, mboga, mkate na mafuta ya zeituni. Nyama ilikuwa ya sikukuu. Mtafiti wa Kimarekani Ancel Keys, aliyeanza mwaka 1958 kuchunguza maradhi ya moyo katika nchi 7, Italia ikiwemo, aliusifu sana ulaji huo. Sisi wenye wagonjwa wa kisukari na presha majumbani tunauhitaji zaidi.

Chukua mfano wa tambi na maharage, ambayo Waitalia huita pasta e fagioli. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yale. Yachemshe kwa moto mkali si chini ya dakika 10, kisha punguza moto mpaka yaive kabisa, kwani maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha na kuharisha. Kaanga kitunguu maji, karoti na kitunguu saumu kwa mafuta ya zeituni, tia nyanya, kisha maharage na maji yake. Mwisho tia tambi fupi. Chumvi iwe kidogo. Kitunguu saumu kilichobaki usikiweke kwenye chupa ya mafuta ukaiacha kabatini. Humo huweza kuota vijidudu vya botulizimu, na sumu yake huua.

Sasa tahadhari. Wengi hudhani mchuzi wa Bologna ni nyama ya ng'ombe tu. Mapishi yake yaliyosajiliwa rasmi mjini humo mwaka 1982 yana pancetta, yaani nyama ya tumbo la nguruwe, na mvinyo. Carbonara nayo hupikwa kwa nyama ya shavu la nguruwe. Jibini ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Wanazuoni wana kauli tofauti juu yake, hivyo muulize sheikh wako.

Wapo wanaosema mvinyo ukichemka kilevi chote hutoka. Si kweli, sehemu yake hubaki hata baada ya kupikwa kwa muda mrefu. Na hata kingetoka chote, Muislamu ana haja gani ya kununua pombe na kuiingiza jikoni kwake? Supu ya kuku na ndimu kidogo vinatosha kuleta ladha.

Mama na baba wa nyumba, kabla ya kufuata pishi lolote la kigeni, someni viungo vyote hadi cha mwisho. Watoto wanakula mnachowapakulia, hawana pa kuuliza. Chakula cha Muislamu kiwe halali, na kiwe kizuri kwa mwili pia. Kimoja bila ya kingine hakitoshi.

Wabillahi tawfiq.