Mkopo Ufuate Msimu

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 na makao makuu yake yakiwa Bariadi, ni mkoa mashuhuri kwa zao la pamba. Anayetaka kujua hali ya biashara ndogo ndogo mkoani humo asianze kwa kuhesabu maduka. Na aulize kwanza kama wakulima wamekwisha kulipwa fedha zao za pamba.

Kwa kawaida ununuzi wa pamba hufunguliwa mwezi Mei. Fedha zikitoka, fundi cherehani hupata kazi na mama lishe huongeza sufuria. Miezi ya kulima ikiingia, hao hao huwakopesha wateja na kuandika daftarini. Mwaka 2019, bei ilipopangwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo huku bei ya dunia ikishuka, wanunuzi walisita na wakulima wengi wakacheleweshewa malipo. Mkulima asipolipwa, mwenye duka naye halipwi.

Jambo hili haliwapati watu wa pamba peke yao. Ndugu zetu wa visiwa vya Ukerewe na Ukara wanalifahamu vema. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, mitumbwi hupumzika na mapato hupumzika.

Hata hivyo, mikopo mingi hudai marejesho yaliyo sawa kila mwezi, au hata kila juma. Mwenye biashara hula mtaji wake ili alipe, kisha huitwa mzembe. Kosa liko katika ratiba iliyopangwa ofisini bila kutazama mvua wala mwezi.

Tunaipongeza Serikali kwa kuirejesha mwaka 2024 mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, isiyo na riba, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini kuondoa riba ni nusu ya kazi. Maofisa wa halmashauri hawana budi kukaa na vikundi, wapange marejesho makubwa wakati wa mauzo na madogo wakati wa kulima. Viongozi wa Chama nao wafuatilie malipo ya mkulima yasicheleweshwe.

Hatumtetei mkwepaji, deni ni lazima lilipwe. Dini zetu zinatufunza hivyo, na zinatufunza pia kumpa muda mdaiwa aliyebanwa. Mkopo usiojali msimu haumwinui mnyonge, bali humwongezea mzigo.